Kariakoo kwa Mwenye Kikokotoo

Umesikia Nairobi wanalipa vizuri. Umesikia Kampala sheria ya mshahara imelala usingizi wa pono, na kwamba Dar maisha ni nafuu. Usiku umekaa na kikokotoo (si kile cha mafao ya wastaafu, hicho kina ugomvi wake), ukazidisha, ukagawanya, ukapata jibu. Sasa unashuka Kariakoo nalo mfukoni, ama kuajiri, ama kuajiriwa, ama kuandika ripoti. Mwongozo huu ni wako. Usome ukiwa bado kwenye basi, maana ukishakanyaga Msimbazi mikono yote miwili itakuwa na kazi ya kulinda simu.

Sheria kwanza, kwa kuwa zina namba

Kenya ndiyo yenye namba za kupendeza zaidi. Tangu Novemba 2024, kibarua wa kawaida wa Nairobi, Mombasa au Kisumu hatakiwi kulipwa chini ya shilingi 16,113 na senti 75 kwa mwezi, posho ya nyumba mbali. Senti 75 zisikuchekeshe. Ni matokeo ya asilimia 6 aliyoitangaza Rais Ruto siku ya Mei Mosi, na hesabu ya asilimia haijui aibu. Shilingi moja ya Kenya imekuwa ikicheza kwenye 19 au 20 za Tanzania, kwa hiyo hapo una laki tatu na ushee. Kabla hujafurahi, toa mfuko wa pensheni, toa bima ya afya ya asilimia 2.75, toa tozo ya nyumba ya asilimia 1.5. Nyumba yenyewe usiulize imejengwa wapi.

Uganda ni rahisi kukumbuka. Kima cha chini ni shilingi 6,000 za kwao kwa mwezi na kiliwekwa mwaka 1984. Bunge lilipitisha muswada wa kukibadilisha Februari 2019, Rais Museveni akakataa kuusaini. Maana yake, tajiri wa Kampala akimlipa mtu mwezi mzima kwa bei ya sahani moja ya chakula hajavunja kima chochote. Hakuna anayelipa hivyo, lakini ukiiweka namba hiyo kwenye jedwali la ripoti yako, Waganda wote watageuka watumwa kwa mpigo mmoja wa kalamu.

Kwetu hapa Tanzania, amri ya mishahara ya mwaka 2022, iliyoanza kazi Januari 2023, iliweka sekta ya biashara na viwanda 150,000 kwa mwezi, dada wa kazi anayelala kwa mwajiri 60,000, na mtu wa benki 592,000. Oktoba 2025 serikali ikatangaza amri mpya: kuanzia Januari 2026 wastani wa vima vya chini katika sekta binafsi unapanda kutoka 275,060 hadi 358,322. Hapo ndipo mwenye kikokotoo huteleza. Ni wastani wa vima vya chini, yaani umechukua wa benki na yule anayelala jikoni, ukawachanganya na wengine wote, ndipo ukagawanya. Ukimwambia dada wa duka Mtaa wa Sikukuu kwamba hicho ndicho kiwango chake cha chini, atakuuliza unagombea jimbo gani. Kuna pia kima cha serikalini, kilichopanda kutoka 370,000 hadi 500,000 Julai 2025. Hicho kiache pembeni. Mwenye nacho huonekana Kariakoo kama mteja, tena tarehe za mwisho wa mwezi tu.

Kama unapenda historia, jua kwamba kulinganisha kulikuwa kazi nyepesi hadi mwaka 1966, kwa kuwa Dar, Nairobi na Kampala zilitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa 1963 kima cha chini cha mtu mzima Dar kiliwekwa shilingi 150 kwa mwezi. Miaka 60 baadaye sekta ya biashara ikawa na 150,000. Tumeongeza sifuri tatu, na hilo nalo ni jambo.

Usiulize mshahara

Ukifika, usimuulize mtu analipwa kiasi gani. Atakutazama kama ofisa wa mapato. Uliza, "Kwa siku unaondoka na ngapi?" Utajibiwa, na jibu litakuwa na ukweli wa kutosha. Tofauti ya maswali haya mawili ndiyo itakayoichana ripoti yako, kwa sababu Kariakoo, kwa sehemu kubwa, anayelipa mshahara ni mteja. Tajiri kazi yake ni kuruhusu ulipwe.

Mtazame winga. Hana duka, hana fremu, hana stoo, hana leseni ukutani. Ana simu mbili, miguu na kumbukumbu ya ajabu. Mama mmoja kashuka na basi la kutoka Lubumbashi, anataka viatu vya watoto, jozi 36. Winga kamwona kabla hata hajavuka barabara. "Mama karibu, karibu sana, unatafuta nini? Kila kitu kipo." Anamkalisha kwenye kiti cha plastiki ndani ya duka ambalo si lake, anamwagizia maji baridi ambayo hajayalipia, halafu anapotea. Anaibukia ghorofa ya pili ya jengo la tatu, anakuta jozi inauzwa 12,000, anarudi na sampuli, anasema 14,000. Mama anang'ang'ana, anaomba apunguziwe buku, anabembeleza tena, mwisho wanakubaliana kwa 14,000 ile ile kwa sharti la kufungiwa mzigo bure. Hesabu ndogo: cha juu ni shilingi 2,000 kwa jozi, mara 36, ni 72,000. Karibu nusu ya ule mshahara wa mwezi wa amri ya 2022, na chai ya saa nne haijapoa.

Sasa usikimbilie kuzidisha 72,000 kwa siku 26. Hilo ndilo kosa la pili la mwenye kikokotoo. Kutoka hapo toa mfunga mzigo, toa mwenye kile kiti cha plastiki, toa yule aliyemwonyesha winga stoo ya ghorofani, toa deni la maji. Na kesho huenda akashinda kutwa, akaondoka na jero ya mtu aliyemwonyesha njia ya kituo cha mwendokasi. Kesho kutwa hivyo hivyo. Ndiyo maana mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, inampenda winga kuliko mwajiriwa, maana haihitaji hati ya mshahara. Inataka simu tu.

Tajiri mwenye viatu, kwa upande wake, kauza jozi 36 bila kuajiri mtu. Hakumchangia NSSF, ambako mchango wote ni asilimia 20 ya mshahara. Hakumchangia mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Hakumpa likizo. Mshahara wa muuzaji wake bora umelipwa na mama wa Lubumbashi, kwa faranga zilizobadilishwa kuwa dola na dola zikabadilishwa kuwa shilingi. Niambie utauweka kwenye safu gani ya jedwali, ya Tanzania au ya Kongo.

Hata dada wa duka, ambaye angalau ana mwajiri, hulipwa kwa mtindo huo. Kuna fungu la mwezi, mara nyingi dogo, na kuna hela ya kula na nauli ya kila siku. Nauli si jambo dogo: tangu Desemba 2023 daladala ni 600 kwa kilomita 10 za kwanza, na wauzaji wengi wanatoka mbali zaidi ya hapo, Mbagala, Gongo la Mboto, Chanika. Kisha kuna kile kisichosemwa. Tajiri akisema suruali isishuke 15,000, na yeye akaiuza 17,000, zile 2,000 ni za nani? Matajiri wenye busara hujifanya hawajaona. Wasio na busara hufunga kamera, wakabaki na kamera na duka lisilouza. Ajira nyingi za Kariakoo huanzia na kufia kwenye hizo shilingi 2,000, na hakuna ofisi ya kazi iliyowahi kuzisuluhisha.

Kuli, au namna ya kutazama juu

Ukitaka kujua bei ya nguvu kazi bila porojo, simama karibu na kuli anapoulizwa bei. Mgeni huonyesha mzigo: belo la mitumba, kilo 45, limefungwa kwa mikanda. Kuli hautazami. Anatazama juu. Anahesabu ghorofa, anasikiliza kama jenereta inanguruma, anachungulia kama lifti ina foleni au imezimwa, ndipo anataja bei. Ukimwambia mbona jana ulipeleka kwa bei pungufu, atakujibu bila kukasirika, "Jana umeme ulikuwepo, kaka." Hapo umeelezwa uhusiano wa nishati na ujira kwa maneno manne, na hukulipa ada ya chuo.

Chini kwenye lami kuna mkokoteni na guta, na bei zao ni nyingine, kwa sababu wao hulipia pia barabara: mgambo, mashimo, magari yaliyoegeshwa pande zote mbili, na mvua inayogeuza Mtaa wa Kongo kuwa mfereji. Kubeba mizigo hapa si jambo la juzi. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916, eneo hili likawa kambi ya wapagazi wao wa vita, Carrier Corps, na Nairobi nayo ina Kariokor yake iliyotokana na kikosi hicho hicho. Kwa hiyo, kama ulikuwa unatafuta miji miwili inayolinganika kwa haki, umepata: yote miwili ina soko lililokaa mahali ambapo mtu alibebeshwa mzigo wa serikali kwa malipo aliyopangiwa na serikali. Kuli wa leo angalau bei anaipanga mwenyewe.

Nairobi wakipiga chafya

Utaambiwa kwamba masoko ya ajira ya nchi hizi yanashindana. Si kwa mshahara. Mnunuzi wa jumla kutoka Zambia au mashariki ya Kongo akiona forodha ya Dar inamsumbua, anageukia kwingine, na mshahara wa winga unamfuata bila winga kujua. Angalia mwaka 2024 peke yake. Aprili wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka wakipinga mfumo wa risiti za kielektroniki. Tarehe 24 Juni Kariakoo ikafunga, kwa ugomvi na watoza kodi ambao ulikuwa umeshafunga maduka Mei 2023 hadi Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, akaja kukaa na wafanyabiashara Mnazi Mmoja. Kesho yake, 25 Juni, vijana wa Nairobi wakaingia bungeni kupinga muswada wa fedha.

Siku zile, linganisha utakavyo. Mwenye duka wa Kikuubo ya Kampala, wa Kariakoo na wa Kamukunji ya Nairobi, kila mmoja alikuwa na dai lake na msemaji wake. Mbebaji wa miji yote mitatu alikuwa na njaa moja. Mgomo wa tajiri ni likizo bila malipo ya yule ambaye hakuulizwa kama anagoma. Kenya wenyewe hukadiria kwamba zaidi ya asilimia 80 ya ajira zao ziko kwenye jua kali, yaani sekta isiyo rasmi, kwa hiyo zile senti 75 za mwanzo zinawahusu wachache kuliko ulivyodhani.

Kazi ambazo usiziguse

Wewe uliyevuka Namanga na cheti chako cha saluni, kaa hapa, sehemu hii ni yako.

Utakuwa umesoma kwamba Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, na kwamba wafanyakazi wanatembea huru. Wanatembea, ndiyo. Tatizo huanza wakikaa. Mapema mwaka 2025, baada ya malalamiko mengi kuhusu wageni, hasa Wachina, wanaouza rejareja Kariakoo, Waziri wa Viwanda na Biashara wa wakati huo, Selemani Jafo, aliunda kamati ya kuchunguza. Julai mwaka huo huo ikatoka amri ya kupiga marufuku wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Humo mna uuzaji wa jumla na rejareja, uwakala wa pesa kwa simu, ufundi wa simu, saluni isiyo ya hoteli, usafi wa nyumba na ofisi, kuongoza watalii, udalali, uwakala wa forodha, hadi kununua mazao shambani. Mgeni akikamatwa, faini haipungui shilingi milioni 10, au kifungo kisichozidi miezi sita, na kibali kinafutwa. Raia anayemkopesha jina lake kwenye leseni naye ana fungu lake, milioni 5 au miezi mitatu.

Wakenya walilalamika, na wana hoja, kwani amri haikutofautisha aliyetoka Guangzhou na aliyetoka Kajiado. Mimi upande wangu uko wazi nusu. Fundi simu wa Mtaa wa Aggrey aliyejifunza kazi kwa kuharibu simu za watu miaka mitatu ana haki ya kutokushindanishwa na kampuni yenye mtaji wa ng'ambo. Lakini msusi wa Kisumu si kampuni. Ana kitana na kiti, na mteja wake ni dada wa Sinza anayetaka mtindo aliouona mtandaoni. Kumweka kwenye kapu moja na mwenye kontena ni uvivu wa kuandika sheria.

Kwa matumizi ya mwongozo huu, hata hivyo, cha kukumbuka ni hiki: ukilinganisha ujira wa msusi wa Nairobi na wa Dar, tofauti utakayoiona haitoki kwa wateja tu. Kuna milioni 10 zimekaa katikati. Nimeipitia orodha nikitafuta ukuli, sijauona. Kwa orodha hiyo pekee, mlango huo uko wazi kwa raia wote wa jumuiya, mradi watazame juu kabla ya kutaja bei.

Jambo ambalo halina utani

Asubuhi ya tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, likafunika wauzaji, wateja na wabebaji. Watu zaidi ya 20 walikufa. Waokoaji walikaa siku kadhaa wakizungumza na waliokuwa hai chini ya zege, wakiwapitishia maji. Chini ya majengo mengi ya hapa watu huchimba ili kupata fremu moja zaidi, kwa kuwa fremu moja zaidi ni kodi na kilemba.

Mwajiriwa aliyesajiliwa ana mfuko wa fidia akiumia au kufa kazini. Winga hana. Kuli hana. Yule aliyekwenda ghorofani kuchukua sampuli ya kiatu kwa ajili ya cha juu cha shilingi 2,000 hakuwa mfanyakazi wa mtu yeyote, kisheria alikuwa mpita njia. Ukirudi kwenye jedwali lako, zile nchi tatu hapo zinalingana vizuri sana.

Ukishupalia kuhamia

Haya, umesoma yote na bado umeamua. Nairobi unalipwa 16,000 na ushee, Dar mtu kakuahidi laki nne za Tanzania, umeona faida. Basi jiandae kwa kodi. Nairobi mwenye nyumba hudai kodi ya mwezi na amana, unaingia. Dar mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mpigo, wengine mwaka, na hataki hadithi. Chumba cha 80,000 Tandika kinakuhitaji uwe na 480,000 mkononi kabla hujapokea mshahara wa kwanza, yaani Dar humwomba mhamiaji akiba ambayo kama angekuwa nayo asingehama. Ndiyo maana vijana wengi wanaokuja kutafuta huanza kwa kulala wanne kwa shangazi wa mmoja wao, na ujira wao wa chini wanaokubali unategemea uvumilivu wa shangazi.

Uliza pia zamu. Mwaka 2025 Kariakoo ilizinduliwa kufanya biashara saa 24. Taa zimeongezwa, hotuba zimetolewa. Muulize anayekuajiri kama usiku nao ni wako, na kama jibu ni ndiyo, muulize nauli ya saa nane za usiku, wakati daladala hakuna na bodaboda anataka elfu tano, atailipa nani. Akinyamaza, umeshajibiwa.

Mwisho, chumba hutakipata mwenyewe. Utahitaji dalali. Atakuzungusha na jua, atakuonyesha vyumba viwili vibaya ili cha tatu kionekane kizuri, kisha atadai kodi ya mwezi mmoja kama malipo yake. Usijaribu kutafuta Mkenya mwenzako akufanyie kwa nusu bei. Udalali nao umo kwenye ile orodha ya 15, na huyo dalali wako anaijua orodha kwa moyo.